Mshono usiofumuka: Jinsi ya kuimarisha mifuko ya plastiki inayozibwa kwa joto

UNGA wa muhogo, wimbi au mtama unaosagwa mjini Nambale na kupelekwa Busia au Malaba unaweza kukaushwa ipasavyo, ukasagwa laini na kupimwa kwa haki, kisha ukaharibika kwa sababu ya ukanda wa plastiki usiofikia upana wa kidole.

Ukanda huo ni mahali ambapo kuta mbili za mfuko huunganishwa kwa joto ili kuufunga. Katika makala haya tutauita mshono, ingawa hakuna uzi wala sindano inayotumika.

Mshono unapofumuka, aghalabu lawama huelekezwa kwa mashine, na mwenye kinu huanza kutafuta fedha za kununua nyingine. Hata hivyo, kasoro nyingi za aina hii hutokana na mambo ambayo mwenye kinu anaweza kuyarekebisha mwenyewe: kiasi cha joto, muda wa kubana, usafi wa mdomo wa mfuko na uteuzi wa plastiki yenyewe.

Ili kuyarekebisha, sharti kwanza afahamu kinachotendeka ndani ya plastiki taya za mashine zinapoibana.

Ufa mdogo, hasara kubwa

Kaunti ya Busia ni miongoni mwa maeneo ya nchi yanayotegemea sana zao la muhogo. Pamoja na muhogo, wakulima wa Nambale, Teso na Butula hukuza mtama, wimbi, mahindi na njugu karanga, mazao ambayo wajasiriamali wadogo husaga na kufunga katika pakiti za kilo moja au mbili.

Eneo hili limo katika bonde la Ziwa Victoria na hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka. Hewa yake huwa na unyevu mwingi, nao unga mkavu hufyonza unyevu huo pindi unapopata upenyo.

Tume ya kimataifa ya viwango vya vyakula, Codex, iliweka kiwango cha juu cha unyevu katika unga wa muhogo kuwa asilimia 13. Unyevu ukizidi, kuvu hupata mazingira ya kumea, unga huganda mabonge na harufu yake hubadilika.

Baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu ya aflatoksini, ambayo Wakenya wanaifahamu kwa machungu. Mnamo 2004, mkurupuko wa sumu hiyo katika eneo la Mashariki uliathiri watu 317, ambapo 125 kati yao walifariki baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu iyo hiyo.

Ifahamike kwamba mshono mzuri hauwezi kuusafisha unga uliokwisha kuingiwa na sumu. Isitoshe, kuziba imara mfuko wenye unga mbichi ni kuifungia kuvu chumbani pamoja na chakula chake. Kazi ya mshono ni kulinda ukavu uliopatikana juani au katika kikaushio.

Mshono mbovu pia ni mlango wa wadudu. Baadhi ya wadudu wa nafaka hawana uwezo wa kutoboa plastiki; huingia kwa kupenyeza kwenye mianya iliyoachwa wazi, na mwanya wa unene wa unywele mmoja waweza kuwatosha wangali wachanga.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kinu kinachofunga pakiti 1,000 kwa siku, huku pakiti tatu katika kila 100 zikiwa na mshono mbovu, hutoa pakiti 30 mbovu kila siku. Hasara haiishii kwa pakiti hizo, kwani moja ikimwagika ndani ya katoni huchafua zile zilizo kando yake, naye mwenye duka hukataa katoni nzima.

Sheria nayo inadai

Suala hili lina upande wa kisheria ambao wafanyabiashara wa mpakani hawana budi kuuelewa.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, pamoja na mifuko bapa inayotumiwa nyumbani na madukani, kupitia tangazo la Gazeti Rasmi la Serikali la Februari 28, 2017. Marufuku hayo yalianza kutekelezwa Agosti 28 mwaka huo. Adhabu iliyowekwa ni faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne gerezani.

Busia na Malaba zilitajwa mara kwa mara miongoni mwa njia zilizotumiwa kuingiza mifuko hiyo kimagendo kutoka Uganda, ambako hujulikana kama kaveera.

Hata hivyo, plastiki inayogusa bidhaa moja kwa moja na kufungwa pale pale bidhaa inapotengenezwa iliachwa nje ya marufuku hayo, kwa masharti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Maana yake ni kwamba pakiti ya unga iliyofungwa kinuni, ikiwa na maandishi yanayoonyesha asili yake, haichukuliwi sawa na mfuko mtupu unaouzwa sokoni ili mnunuzi abebee mboga.

Enzi za wauzaji kuufunga mfuko usio na jina kwa kuupitisha juu ya mwali wa mshumaa, jinsi ilivyozoeleka kwa njugu za rejareja, hazipatani na masharti hayo. Pia hazipatani na ubora, kwa kuwa mwali hauna kipimo: huyeyusha hapa, huunguza pale na kuacha tundu katikati.

Nini hasa hutokea?

Plastiki inayotumiwa zaidi katika mifuko ya vyakula ni polithini. Iligunduliwa kwa sadfa mnamo Machi 1933 na wanakemia Eric Fawcett na Reginald Gibson wa kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza.

Polithini imeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli za kaboni na hidrojeni. Sehemu ya minyororo hiyo imejipanga kwa utaratibu, mithili ya kuni zilizofungwa mtita. Sehemu nyingine imesokotana ovyo kama tambi ndani ya sufuria.

Joto linapopanda, mitita ile hulegea na minyororo huanza kusogea. Ikiwa kuta mbili za mfuko zimebanwa zikagusana barabara, minyororo ya ukuta mmoja hupenya katika ukuta wa pili na kusokotana na ile inayoikuta huko. Plastiki inapopoa, mitita mipya hujiunda ikiwa imeshika minyororo ya pande zote mbili.

Kwa hivyo mshono mzuri haufanani na bahasha iliyobandikwa kwa gundi. Unafanana zaidi na vyuma viwili vilivyochomelewa vikawa kimoja.

Aina za plastiki hutofautiana katika kiwango cha joto kinachoziyeyusha. Polithini ya msongamano mdogo, ambayo ni laini na inayong'aa, huyeyuka kati ya nyuzijoto 105 na 115 hivi. Polithini ya msongamano mkubwa, ile inayochakarisha inapokunjwa, huhitaji takriban nyuzijoto 130. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzijoto 160, ilhali poliesta, inayotumiwa kama tabaka la nje la pakiti nyingi zenye picha, huvumilia hadi nyuzijoto 250 na zaidi.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mishono kufumuka: mwenye kinu hubadilisha mwuzaji wa mifuko bila kubadilisha kipimo cha mashine. Mifuko miwili inaweza kufanana machoni, kumbe kila mmoja unahitaji joto lake.

Nguzo tatu

Mafundi wa ufungashaji hutaja nguzo tatu za mshono: joto, muda na shinikizo.

Joto ndilo kuu. Lipo kiwango cha chini ambacho mshono huanza kushika, na kiwango cha juu ambacho plastiki huanza kukonda, kujikunja au kuungua. Nafasi iliyo kati ya viwango hivyo ndiyo uwanja wa kazi. Kadiri uwanja huo ulivyo mpana, ndivyo mfungaji anavyosamehewa makosa madogo.

Muda hufuatia. Joto halifiki ndani papo hapo. Husafiri kutoka uso unaoguswa na taya hadi pale kuta mbili zinapokutana. Kwa kanuni ya fizikia, unene wa plastiki ukiongezeka maradufu, muda wa joto kupenya hukaribia kuongezeka mara nne.

Kanuni hiyo inafafanua jambo ambalo huwashangaza wengi. Mwenye kinu anayeacha mfuko wa mikroni 50 na kununua wa mikroni 100 akitarajia uimara zaidi, lakini akaacha mashine na muda ule ule, hupata mshono hafifu kuliko wa awali. Amelipa zaidi ili apate kidogo.

Shinikizo ni nguzo ya tatu, nalo hufahamika vibaya. Kazi yake ni kuzikutanisha kuta mbili na kufukuza hewa iliyo kati yake. Likishatosha kufanya hivyo, kuliongeza hakuongezi nguvu ya mshono. Kukandamiza kupita kiasi huisukuma plastiki iliyoyeyuka itoke pembeni, na ukingo wa mshono ukabaki mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

Ipo nguzo ya nne isiyotajwa sana: kupoa. Mshono unapotoka kwenye taya ungali laini. Mfuko ukiinuliwa upesi huku kilo mbili za unga zikiuvuta, kuta huachana kabla minyororo haijashikana. Sekunde moja au mbili za kuendelea kubana baada ya taa ya mashine kuzimika zinatosha kuepusha hasara hiyo.

Maadui wa mshono

Adui mkubwa katika vinu ni vumbi la unga. Chembe za unga zikikaa kwenye mdomo wa mfuko, huzuia kuta zisigusane na pia huzuia joto lisipite. Mshono huonekana umefungwa, lakini ndani yake mna vijia vidogo ambavyo hewa na unyevu hupitia.

Dawa yake ni rahisi. Tumia faneli yenye shingo ndefu inayoshuka chini ya mahali pa mshono. Acha nafasi tupu ya angalau sentimita nne juu ya unga. Subiri vumbi litulie, kisha pangusa mdomo kwa kitambaa kikavu kabla ya kubana.

Wakati wa kiangazi, tando za plastiki zinaposuguana hupata umeme tuli unaovuta vumbi la unga. Aghalabu tatizo hilo huzidi mifuko inapofunguliwa kwa haraka. Kuifungua polepole, mbali na kinu kinachosaga, hupunguza vumbi hilo.

Adui wa pili ni mafuta. Njugu karanga zilizokaangwa, siagi ya njugu na ufuta huacha utando wa mafuta kwenye plastiki, nao huzuia minyororo kuvuka. Hapa kupangusa pekee hakutoshi daima. Inafaa kuchagua plastiki yenye tabaka la ndani lililotengenezewa kuziba hata palipo na uchafu kidogo.

Adui wa tatu hutoka kiwandani. Watengenezaji huchanganya plastiki na viungio vya utelezi ili karatasi zisigandamane. Viungio hivyo hupanda polepole hadi kwenye uso wa utando. Vikizidi, au mifuko ikikaa ghalani muda mrefu penye joto kali, uso hupata tabaka la nta linalodhoofisha mshono.

Vilevile, kabla ya kuchapishwa wino, uso wa plastiki hupitishwa kwenye cheche za umeme ili wino ushike. Upande huo unapotibiwa kupita kiasi huhitaji joto zaidi ili uzibike. Ndiyo maana maandishi huwekwa upande wa nje, na wino haupaswi kuingia mahali pa mshono.

Adui wa nne ni mikunjo. Mfuko wenye mbavu za kukunja kando huwa na tabaka nne za plastiki pembeni na mbili katikati. Joto linalotosha katikati halitoshi pembeni, na pale ambapo nne hugeuka kuwa mbili hubaki kijia chembamba. Wenye mashine ndogo za mkono wangefaidika kwa kutumia mifuko isiyo na mbavu.

Adui wa tano ni haraka. Unga unaotoka kwenye kinu huwa moto. Ukifungwa papo hapo, mvuke wake hugeuka matone ndani ya mfuko usiku unapoingia. Mwenye duka huona ukungu, hudhani mshono unavuja, kumbe maji yalifungiwa humo tangu mwanzo. Unga sharti upoe kabla ya kufungwa, ukiwa umefunikwa kwa kitambaa safi.

Umeme na mashine

Mashine nyingi za mkono hutumia waya bapa unaopashwa moto kwa mkupuo mmoja wa umeme. Kitufe chake chenye tarakimu kwa kawaida hakipimi joto. Hupima muda ambao umeme utapita.

Kwa sababu hiyo, mashine hizi hutegemea sana nguvu ya umeme. Joto linalotolewa na waya hupanda na kushuka kwa kipeo cha pili cha volti. Umeme ukishuka kutoka volti 240 hadi 216, yaani upungufu wa asilimia 10, joto hupungua kwa takriban asilimia 19.

Hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya mshono na ufa. Mfungaji ambaye mishono yake ya asubuhi ni imara na ya jioni ni dhaifu, wakati majirani wote wamewasha vyombo vyao, hana haja ya kumlaumu mwuzaji wa mifuko. Atumie kidhibiti volti, au aongeze kipimo cha muda saa hizo.

Kinyume chake pia hutokea. Baada ya kubana mara mia moja mfululizo, mwili wa mashine huwa umepata moto, na kipimo kilichofaa mwanzoni huanza kuunguza. Mashine ipumzishwe, au kipimo kipunguzwe hatua moja.

Kitambaa cha Teflon kinachofunika waya huzuia plastiki isigande. Kikichakaa, kikatoboka au kupata masizi, mshono hutoka na mabaka. Mpira ulio upande wa juu nao hupata mabonde pale unapobanwa kila siku, na mahali penye bonde hapabanwi tena. Vifaa hivi viwili ni vya bei nafuu ikilinganishwa na mashine mpya, na ndivyo vinavyopuuzwa zaidi.

Kwa wenye mashine kubwa zenye taya za joto la kudumu, tarakimu inayosomeka kwenye kidhibiti joto si lazima iwe ndiyo iliyopo kwenye uso wa taya. Ni vyema kupima sehemu tatu za taya, kushoto, katikati na kulia, kwa kipimajoto cha mguso. Ili kujua iwapo taya zinabana sawasawa, weka karatasi ya kaboni pamoja na karatasi nyeupe, ubane zikiwa baridi, kisha utazame alama. Pasipo na alama hapana shinikizo.

Jinsi ya kupata kipimo sahihi

Badala ya kubahatisha, mwenye kinu anaweza kufanya jaribio la ngazi kwa muda wa saa moja.

Achukue mifuko mitupu ya aina atakayotumia. Aanze na kipimo cha chini, azibe mifuko mitano na kuiandika namba. Apandishe hatua moja, au nyuzijoto tano ikiwa mashine ina kipimo cha joto, kisha azibe mitano mingine. Aendelee hivyo hadi plastiki ianze kujikunja au kuungua.

Baada ya mifuko yote kupoa kabisa, akate vipande vyenye upana sawa, sentimita mbili na nusu hivi, na kuvivuta kwa mkono. Atazame jinsi kila kimoja kinavyoachana.

Kuta zikiachana kirahisi, na uso ukabaki laini kama haukuguswa, joto au muda haukutosha, ama palikuwa na uchafu.

Plastiki ikivutika au kuraruka kando huku mshono wenyewe ukibaki mzima, hiyo ni ishara njema. Lakini ikikatika kwa nguvu ndogo kwenye ukingo wa ndani wa mshono, joto limezidi na kuikondesha.

Ikiwa tabaka la nje linabanduka kutoka kwa la ndani, kasoro ni ya kiwanda kilichounganisha matabaka hayo. Mapovu ndani ya mshono huashiria maji au joto la kupindukia.

Kipimo kinachofaa si kile cha kwanza kilichoshika, bali kilicho katikati ya uwanja wa kazi. Hapo umeme ukishuka kidogo au ukipanda kidogo, mshono hauathiriki. Jaribio lirudiwe mifuko ikiwa na unga ndani, kwani vumbi na uzito hubadilisha matokeo.

Maabara hufanya kazi iyo hiyo kwa mashine inayovuta na kusoma nguvu kwa nyutoni, wakifuata kanuni ya kimataifa iitwayo ASTM F88. Ipo nyingine, F1921, ya kupima mshono ungali moto. Taasisi ya Utafiti na Maendeleo ya Viwanda nchini, KIRDI, iliyo na kituo mjini Kisumu, ni miongoni mwa mahali ambapo mwenye kiwanda kidogo anaweza kutafuta ushauri.

Jaribio la kila siku linahitaji karai la maji tu. Funga mfuko wenye hewa, uzamishe na kuukandamiza kwa upole. Mapovu yakitoka mfululizo mahali pamoja, hapo ndipo penye kijia.

Safari ya kupanda mlima

Wanaopeleka bidhaa mbali wana jambo jingine la kuzingatia. Nambale iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Barabara kuu kutoka Malaba kuelekea Nairobi hupitia Eldoret na kupanda hadi nyanda za Timboroa, zaidi ya mita 2,700.

Kadiri gari linavyopanda, shinikizo la hewa ya nje hupungua na hewa iliyofungiwa mfukoni hutanuka. Kati ya miinuko hiyo miwili, hewa hiyo ingetanuka kwa takriban moja ya tano. Mifuko iliyojaa hewa huvimba, na ikiwa imelaliwa na katoni nyingine, mshono dhaifu hupasuka.

Tiba yake haina gharama: bana mfuko kwa viganja ili kutoa hewa kabla ya kuuziba.

Plastiki ipi?

Karatasi ya kaki hutumiwa sana kwa unga wa mahindi, nayo ina sifa ya kuoza. Udhaifu wake ni kwamba haizuii unyevu, na kwa hivyo hufaa bidhaa inayouzwa na kuliwa upesi.

Polithini ya kawaida huzuia unyevu vizuri na huzibika kirahisi. Kwa bidhaa zenye mafuta, ambazo huharibiwa na hewa ya oksijeni, viwanda hupendelea utando wa matabaka: poliesta nje, polithini ndani. Faida yake katika kuziba ni dhahiri. Tabaka la nje halijafikia kuyeyuka wakati la ndani limekwisha shikana, hivyo uwanja wa kazi huwa mpana na taya hazigandi.

Tatizo la utando huo huja baada ya matumizi. Plastiki mbili zilizounganishwa haziwezi kuyeyushwa pamoja na kutumiwa upya kwa urahisi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliwatwika wazalishaji wajibu juu ya vifungashio vyao hata baada ya bidhaa kuuzwa, na kanuni za Muungano wa Ulaya zilizoanza kuwa sheria Februari 2025 zinaelekea upande huo huo.

Ndiyo sababu watengenezaji duniani wanarejea kwenye utando wa aina moja ya plastiki. Nje huwekwa polithini ya msongamano mkubwa inayovumilia joto. Ndani huwekwa polithini za kisasa, zilizoanza kuuzwa katika miaka ya 1990, zinazoyeyuka chini ya nyuzijoto 100. Tofauti hiyo ya joto ndiyo hurejesha uwanja wa kazi, ingawa si mpana kama ule wa poliesta, na humtaka mfungaji awe mwangalifu zaidi.

Mnunuzi wa mifuko hana budi kumwuliza mwuzaji maswali manne: Tabaka la ndani ni plastiki gani? Huanza kushika kwa nyuzijoto ngapi? Unene wake ni mikroni ngapi? Je, unene huo ni sawa katika mfuko mzima? Mwuzaji asiyeweza kujibu anauza bahati nasibu.

Daftari ndogo

Hatua ya mwisho ni kuweka kumbukumbu. Kila siku paandikwe aina ya mifuko, tarehe iliyonunuliwa, kipimo cha mashine, saa, na idadi ya mishono iliyoshindwa kwenye karai la maji. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na katika kazi hii daftari ndiyo itakayoonyesha kama tatizo ni shehena mpya ya mifuko, umeme wa jioni au mpira uliochakaa.

Mpangilio wa kurekebisha uanzie kwa kisicho na gharama. Kwanza safisha mdomo wa mfuko na uache unga upoe. Pili, tafuta kipimo cha katikati kwa jaribio la ngazi. Tatu, ongeza muda wa kupoa. Nne, badilisha kitambaa cha Teflon na mpira. Tano, badilisha mifuko. Mashine mpya iwe ya mwisho.

Mkulima wa muhogo hungoja miezi mingi kabla ya kuvuna, kisha humenya, hukausha na kusaga. Ni hasara kuipoteza kazi yote hiyo kwa sekunde moja ya pupa mbele ya mashine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwenye kinu, ukuta huo ni gharama ya katoni zilizorudishwa na jina lililoharibika sokoni.